Nimemsamehe, Ila Funguo Atashika Nani?



Likizo hii nilikuwa nyumbani Kisorya. Wanaopafahamu wanajua: barabara ya kutoka Bunda inakuja kuishia ziwani, na hapo ndipo penye kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Kivuko kikitia nanga, bodaboda wanajipanga, akina mama wanapanga dagaa na sato wa kukaanga, na kelele zinaanza. Kivuko kikiondoka kunakuwa na saa nzima ya kukaa tu. Saa hiyo wengine wanalala juu ya pikipiki, wengine wanacheza drafti, na wengine wanakunywa.

Binamu yangu ni wa kundi hili la mwisho. Mara ya kwanza alikamatwa akiendesha amelewa. Ndugu tukaitana, tukachanga, faini ikalipwa. Mara ya pili aliingia mtaroni na abiria akavunjika mkono. Safari hiyo haikufika popote, mambo yakazungumzwa na wazee na yakaisha "kiutu uzima". Katika mchango ule na mimi nilitoa shilingi 20,000, na nilijiona nimetenda tendo la huruma.

Mara ya tatu alikuwa amechanganya gongo na bangi. Jioni, giza linaingia, alimgonga mama mmoja wa kwaya ya kigango chetu, anayeuza dagaa pale kivukoni. Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Kesi iko mahakamani.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Baba mkubwa akaniangalia, akasema, "Frateri, wewe unaheshimika hapa. Nenda kwa yule mama, muombe asiende kutoa ushahidi. Mwambie habari za msamaha. Si ndiyo mnayosomea huko?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema nitakwenda. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu swali lililokuwa mbele yangu halikuwa la ukoo wetu peke yake. Mtu anayerudia kosa hili mara ya pili, mara ya tatu, tumfanyeje? Sheria iseme moja kwa moja kwamba anayerudia lazima afungwe kwa muda usiopungua kiasi fulani, na hakimu asiwe na la kubadilisha? Au tumwachie hakimu apime? Na sisi tunaomwamini Mungu wa huruma tusimame wapi?

Ng'ombe aliyezoea kupiga pembe

Nianze na upande wa ukali, maana hata Biblia haiukwepi. Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kuanzia aya ya 28. Hapo kuna sheria ambayo mtu wa Mara, anayeishi na ng'ombe, anaielewa bila mwalimu. Ng'ombe dume akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atauawa, ila mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa, na bado hakumfunga, basi hata mwenye ng'ombe anahesabiwa damu ile.

Ona tofauti iko wapi. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile, na maiti ni ile ile. Kinachobadilisha uzito wa kosa ni onyo. Ajali ya kwanza ni ajali. Ukishaonywa, ya pili ina jina lingine.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema wazi kwamba mtu anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi, iwe barabarani, majini au angani, anajitwika hatia nzito. Soma vizuri: anayehatarisha. Haisemi "anayeua". Yaani hata ile jioni ambayo binamu yangu alifika nyumbani salama akiwa amelewa, na sisi tukasema "Mungu mkubwa", dhambi ilikuwa imeshatendeka. Hatukuiona tu kwa sababu hakuna aliyelala chini.

Mtu atasema: "Lakini Frateri, mlevi hajui anachofanya." Hoja hii ni ya zamani. Aristotle anatusimulia kuhusu Pittacus, mtawala wa Mytilene katika kisiwa cha Lesbos, aliyeweka sheria kwamba mtu akitenda kosa akiwa amelewa aadhibiwe zaidi ya aliyetenda akiwa na akili zake. Inaonekana kinyume, si ndiyo? Lakini Aristotle anaeleza mantiki ya adhabu kama hiyo: chanzo kiko kwa mtu mwenyewe, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutolewa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaendeleza hapo hapo: ulevi unaweza kupunguza hatia ya tendo lililofuata ikiwa mtu hakujua nguvu ya kinywaji. Kama alijua na akanywa, hana pa kujificha.

Sasa nani anayejua nguvu ya gongo kuliko mtu aliyekwisha kulipia faini kwa ajili yake? Kila mara ya kurudia inamwondolea mtu kisingizio kimoja. Huo ndio moyo wa hoja ya wanaotaka adhabu ya lazima, na mimi naikubali: anayerudia si sawa na anayeanza, na sheria inayowatendea sawasawa inamdharau aliyevunjwa mguu.

Mwalimu na viboko 24

Lakini kutoka "anayerudia astahili zaidi" hadi "hakimu asiruhusiwe kupima" kuna hatua kubwa. Nchi yetu iliwahi kuipiga hatua hiyo, tena chini ya mtu wa mkoa huu huu. Mwaka 1963, Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama akiwa Rais, Tanganyika ilitunga sheria ya kima cha chini cha adhabu. Ukipatikana na hatia ya makosa yaliyotajwa, kama rushwa na wizi wa mali ya umma, jela ni miaka isiyopungua 2 pamoja na viboko 24: 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Wazee bado wanasimulia huku wanacheka kwamba hivyo vya kutokea vilikuwa vya kwenda kumwonyesha mke. Mwaka 1972 ikaja sheria nyingine badala yake, na wazi kabisa wizi wa mifugo ukawa ndani.

Nia ilikuwa njema. Taifa changa lilitaka kusema kwamba kuna mambo hatuchezei. Lakini sisi wa Mara tuulizane kwa haki: wizi wa ng'ombe uliisha? Haukuisha. Miaka mingi baadaye ilibidi kuwe na Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Mwizi wa ng'ombe hahesabu miaka iliyoandikwa kwenye kitabu. Anahesabu kama leo usiku atakamatwa.

Mwanafalsafa wa Italia, Cesare Beccaria, aliliona hili mwaka 1764: kinachomzuia mtu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukubwa wa adhabu. Na mlevi ndiye wa mwisho kabisa kuhesabu miaka. Mtu anayeshindwa kuhesabu chenji ya abiria utamwambiaje ahesabu kifungo?

Kuna jambo la pili. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi katika shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania. Mahakama ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka haki ya uhai, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kuangalia mazingira ya mtu na ya kosa. Kenya, Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilikuwa imesema jambo linalofanana na hilo katika kesi ya Muruatetu. Nisiwadanganye: Julai 2024 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba hoja ile ya hukumu ya kifo haifuti yenyewe vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria ya makosa ya kujamiiana. Kwa hiyo mjadala haujafungwa. Kifo si sawa na miaka mitatu. Ila swali la msingi linabaki: hakimu aliyefungwa macho anahukumu nini, mtu au faili?

Aristotle ana mfano mzuri hapa, na cha kufurahisha unatoka Lesbos, kisiwa kile kile cha Pittacus. Waashi wa huko walikuwa na rula ya risasi, laini, inayojikunja kufuata umbo la jiwe. Anasema haki ya kweli wakati mwingine inahitaji rula ya namna hiyo, kwa sababu sheria inaandikwa kwa ujumla wakati maisha yanakuja moja moja. Wawili wanaweza kukamatwa mara ya pili: mmoja amekunywa tangu asubuhi na kubeba watoto wawili wa shule, mwingine amekunywa msibani na kusukuma pikipiki iliyowaka hatua ishirini hadi kwenye uzio wake. Kifungo kimoja kwa wote wawili ni usawa wa mizani iliyoharibika.

Lakini tuseme ukweli wa kwetu

Nikiishia hapo nitakuwa nimeandika insha ya darasani. Mtu wa Kisorya ataniuliza: "Hiyo rula laini, akiwa nayo mtu mwenye tamaa, itakunjwa upande gani?" Tunajua. Itakunjwa upande wa mwenye pesa. Ndiyo maana watu maskini mara nyingi ndio wanaopenda adhabu za lazima. Hawana chuki. Wamechoka kuona mwenye ndugu wa kuchanga anatoka na asiye na ndugu anabaki.

Hoja hii iliniumiza, kwa sababu ndugu wa kuchanga ni mimi.

Ila nimeifikiria na naona ina tundu. Ukimnyang'anya hakimu hiari, hiari haifi. Inahama. Inarudi nyuma barabarani, kwenye giza, ambako hakuna karani anayeandika wala watu waliokaa kwenye mabenchi kusikiliza. Adhabu ikiwa kubwa na ya lazima, bei ya kumalizana inapanda tu, na kesi ya pili haitaandikwa kama ya pili, kwa sababu ya kwanza haikuandikwa popote. Kama ile ya mtaroni. Mbele ya sheria, binamu yangu aliyefanya makosa matatu ana moja tu la nyuma. Sisi wenyewe tulifuta la pili, kwa chai na maneno matamu.

Kwa hiyo nimefika hapa, na mnaweza kunipinga. Naamini kuna kitu kinachopaswa kuwa cha lazima kwa anayerudia, bila maombi wala undugu, lakini si idadi ya miaka jela. Ni funguo. Leseni iondoke, pikipiki au gari lisimguse, kwa muda mrefu unaojulikana, na arudi tu akithibitisha kwamba ameacha. Hapo hakuna haja ya rula laini, kwa sababu kumwondoa barabarani mtu aliyekwisha kuonyesha mara mbili kwamba hawezi kujizuia ni kufunga ng'ombe kabla ya kulipiza chochote. Kuhusu jela, kiasi gani na kwa nani, hakimu aangalie, mahali pa wazi, aandike sababu zake, na anayeona ameonewa akate rufaa.

Kuna mahali wamejaribu njia inayokaribia hii. Jimbo la South Dakota, Marekani, tangu mwaka 2005 liliwapa walevi waliorudia makosa barabarani sharti moja: usinywe kabisa, njoo upimwe asubuhi na jioni. Ukikutwa umekunywa, unalala mahabusu siku moja au mbili, mara moja, kisha unarudi kwenye mpango. Adhabu ndogo, lakini haikwepeki. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2013 walikuta kukamatwa kwa waliorudia kuendesha wamelewa kumepungua kwa asilimia 12. Si muujiza. Lakini ni miguu ambayo haikukatwa. Nasi hatuna maabara kila kijiji, najua. Ila kituo cha bodaboda kina mwenyekiti, pikipiki nyingi zina bosi anayepokea hesabu kila jioni, na bosi huyo ana pua.

Mwenye ng'ombe ni nani?

Hapa ndipo kile kitabu cha Kutoka kilinishika shati. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimwona binamu yangu kuwa ndiye mwenye ng'ombe. Nilipokisoma mara ya pili niliuliza: nani mwingine alionywa, na hakufunga?

Bosi wake alionywa. Alijua, na asubuhi yake akampa funguo, kwa sababu hesabu ilikuwa inakuja. Abiria walionywa, walisikia harufu wakapanda, kwa sababu alikuwa anapunguza nauli. Wazee walionywa. Na mimi nilionywa. Krismasi iliyopita nilipanda nyuma yake kutoka Bunda, nikasikia harufu, nikasali Salamu Maria kimyakimya badala ya kumwambia asimame nishuke. Sala ile nadhani Mama Maria aliisikia kwa huzuni.

Shilingi zangu 20,000 zilinunua nini? Nilidhani zimenunua huruma. Zilinunua jioni moja zaidi ya yeye kuwa barabarani. Katekisimu, namba 2266, inafundisha kwamba adhabu ya halali inarekebisha uharibifu uliofanywa na kosa, inalinda usalama wa watu, na kadiri inavyowezekana inakuwa dawa ya kumponya mkosaji mwenyewe. Sisi kwa mchango wetu tulizuia yote matatu kwa mpigo. Aliyeumia hakufidiwa, barabara haikulindwa, na mgonjwa wetu hakupewa dawa. Kisha tukaita jambo hilo upendo wa ndugu.

Hata kwenye kitubio tunajua hivi. Padri anaondolea dhambi, lakini anatudai nia thabiti ya kutorudia na kuepuka nafasi za dhambi. Hakuna padri anayekuondolea dhambi ya wizi halafu akakurudishia funguo za duka ulilokuwa unaiba.

Nyumbani kwa yule mama

Nilikwenda. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, binti yake anapepeta dagaa. Nikamwamkia, nikakaa chini. Nilimwomba msamaha kwa niaba ya ukoo, na kwa niaba yangu, nikamweleza habari ya ile ajali ya pili na mchango wangu. Sikumwomba asiende mahakamani. Maneno hayo nilikuwa nimeyabeba kutoka nyumbani, lakini nilipouona ule mguu hayakutoka, na nashukuru.

Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Kumsamehe nimeshamsamehe, Frateri. Nilimsamehe kule kule wodini, maana usiku ule ningekufa na chuki ningekwenda wapi? Ila niambie, akitoka, funguo atashika nani?"

Sijasoma falsafa miaka mitatu nikakutana na mtu aliyeligawa jambo hili vizuri namna hiyo. Msamaha ni wake, na ameutoa bure, kama Bwana alivyomwambia Petro, sabini mara saba. Funguo si suala la msamaha. Funguo ni suala la mama mwingine atakayekuwa anatembea na ndoo yake kesho jioni, na yeye hana mamlaka ya kumsamehe mtu kwa niaba ya huyo.

Nilirudi nikawaambia wazee kwamba mama atatoa ushahidi, na mimi kuhusu ile ajali ya pili nikiulizwa nitasema kweli. Baba mkubwa hakunijibu. Mpaka naondoka likizo hajazungumza nami vizuri. Mama yangu aliniandalia chakula cha safari, akasema tu, "Nenda salama, mwanangu." Sijui kama naye ananilaumu.

Binamu yangu nilimtembelea pia. Alilia. Nilimwambia nitaendelea kuja, awe ndani au nje, na kwamba siku akiwa tayari kuacha pombe nitatafuta pamoja naye mahali pa kusaidiwa. Aliniuliza kama tutachanga. Nikasema ndiyo, safari hii tutachangia mguu wa bandia wa yule mama.

Luka sura ya 13 ina mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi. Tunapenda sehemu hiyo. Lakini haombi mwaka mtupu: anasema ataupalilia, atautia mbolea, na usipozaa basi ukatwe. Mwaka mtupu bila jembe ndio tuliompa binamu yangu, mara mbili.

Kwa hiyo, vijana wa VIWAWA na TYCS, kabla ya kubishana kuhusu sheria za Bunge, tuanze na iliyo mikononi mwetu. Ukisikia harufu, usipande, na mwambie kwa nini. Ukiwa na pikipiki umemkodishia mtu, funguo zikae kwako siku aliyokunywa, hata hesabu ikipotea. Na ukiitwa kwenye mchango wa kumtoa ndugu, uliza kwanza kuna mchango gani kwa aliyeumizwa.

Mwombeeni yule mama, kesi inaendelea. Mwombeeni na binamu yangu. Nami mniombee, nirudi nyumbani Pasaka na baba mkubwa anipokee.